Viganja vya Majivu

Alama ya kwanza niliiona asubuhi yenye ukungu, nilipotoka kufagia barazani. Mbwa wetu alikuwa amesimama katikati ya baraza kwa namna aliyokuwa akisimama siku hizo, miguu imekakamaa kama ya meza, hathubutu kukaa wala kutembea. Kwenye paja lake la nyuma, juu ya manyoya meusi, palikuwa na kiganja cha mtu. Sisemi doa lililofanana na kiganja. Kiganja chenyewe, kitanga na vidole, cheupe, kana kwamba mtu amechovya mkono kwenye unga halafu akajishikiza kwa mbwa asianguke.

Nilikifuta kwa pindo la kanga kabla hata sijafikiri. Mbwa akageuka kunitazama, shingo na mabega kwa pamoja, maana shingo peke yake ilikuwa haigeuki tena. Akainua mguu ajikune tumbo, mguu ukatetemeka, ukashindwa kufika, akalia kidogo. Hakulia kama mbwa. Alilia kama mtu anayevuta pumzi akikanyaga mwiba.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa haya. Niko kidato cha tatu, na mpaka leo mwalimu akiniuliza swali nalijibu dawati. Nyumbani niliongea kwa raha na wawili tu, bibi yangu mzaa baba na huyo mbwa, na mengi zaidi nilimwambia mbwa. Nilipoanza darasa la kwanza yeye alikuwa tayari mtu mzima anayejua njia ya shule.

Miaka yote hiyo alilala jikoni kwa bibi. Jiko letu ni kijumba cha nyuma, tofali za udongo na nyasi juu. Moto ukizimika bibi husogeza majivu pembeni mwa mafiga, mbwa anajikunja humo humo. Asubuhi alitoka mweupe kama mzimu, akajikung'uta mlangoni, akawa mweusi tena. Tulikuwa tunacheka.

Kisha ushirika ukalegea. Baba alikuwa karani wa kupima mahindi, na wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, makarani wakarudishwa nyumbani. Baba hakukaa kulia. Alitoboa dirisha chumba cha mbele, akasakafia baraza kwa saruji laini mpaka inateleza, akafungua duka: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, migebuka, samaki wa ziwani ambao mama anawafuata Kipili, dawa ya kuhifadhi mahindi, na belo la mitumba. Nguo za mitumba zilining'inia barazani kwenye waya uliofungwa nguzo hadi nguzo. Watu wazima bado waliziita kafa-ulaya, na bibi alilichukua neno hilo kama lilivyo.

"Kafa, basi," alisema. "Aliyekufa si alikuwa na jina? Na nguo yake inamjua."

Mali iliyo barazani inataka mlinzi, ndipo mbwa akahamishwa. Baba si mkatili, alimtandikia. Kulikuwa na koti moja refu, zito, la kijivu, ambalo halikupata mnunuzi kwa sababu hata mrefu wa mjini lilimfika vifundoni. Likiwa kwenye waya lilikuwa kama mtu aliyesimama bila kichwa. Baba alilishusha, akalikunja, akaliweka pembeni mwa mlango.

"Haya mzee," akamwambia mbwa, "kitanda cha Ulaya hicho."

Mbwa alilinusa muda mrefu sana. Kisha akalala ukingoni, akaacha sehemu kubwa tupu, kama unavyomwachia mwenzako nafasi kitandani.

Mkono wa kulia wa nyumba yetu kuna mashine ya kusaga, na kijana anayeiendesha ni mtu wa maneno. Alikuja kununua sigara, akamwona mbwa juu ya koti.

"Mambo, dogo?"

Sikujibu. Kwa kijana kama yule huwa sijibu.

"Naona mshikaji wenu kapata koti. Bado viza tu."

Foleni nzima ya mashine ilicheka. Ilikuwa mwanzo wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaoanza mahindi yakishavunwa, unaopita chini ya milango na kukukuta ndani ya blanketi. Kabla likizo yangu haijafika katikati, mbwa alikuwa anajikuna mpaka damu. Baba akasema ni viroboto, akamtilia dawa. Mbwa akazidi. Baba akaongeza dawa. Na miguu nayo ikaanza kukaza. Asubuhi alikuwa mti. Jua likipanda alilegea kidogo, akajivuta hadi mtaroni kukojoa, akarudi akiyumba. Baba akasema, "Uzee huo. Hata mimi kiuno kinaniuma."

Ningekubali, kama si vile viganja.

Kilikuja cha pili, na cha tatu, na baadaye viwili kwa pamoja, kimoja kila nyonga, kama mtu aliyemshika mbwa kwa nyuma apate kupanda. Niliamka mapema kuliko wote ili nivifute. Lakini siku moja nilichelewa, na kijana wa mashine alikuwa tayari amesimama mbele ya baraza, ufunguo mkononi, mdomo umefunguka.

"Dogo," alisema, na safari hii hakucheka. "Nani anampanda huyu mbwa?"

Sasa niseme kitu ambacho yeye hakukiona na mimi nilikiona tangu siku ya kwanza. Kiganja kile cha kulia kilikuwa na pengo. Kidole gumba kipo, cha shahada kipo, cha kati kipo, kidogo kipo. Kati ya cha kati na kidogo hapakuwa na kitu.

Bibi alikatwa na kisu akivuna ulezi, zamani, kabla sijazaliwa. Mshipa ukakatika. Kidole chake cha pete mkono wa kulia kimejikunja ndani ya kiganja, hakikunjuki. Akiweka mkono mezani, vidole vinne vinagusa na kimoja kinajificha.

Kwa hiyo nilijua mkono ni wa nani. Nilikula ugali uliopikwa na mkono huo mchana na jioni, na kila nilipomega tonge nililitazama kwanza.

*

Maneno hayakuchukua muda. Kwenye mashine ya kusaga watu wanasubiri, na mtu anayesubiri anasema. Walisema mbwa amechoka kwa sababu hapumziki. Walisema anajikuna kwa sababu ya kamba anayofungwa usiku akipandwa. Kijana wa mashine akatunga na mzaha wake: "Mji wenyewe unaitwa Tupa-uchawi, bibi wa watu kasahau kutupa." Kila mtu hapa anajua ndiyo maana ya Sumbawanga, tunaambiwa tukiwa wadogo, lakini sikuwahi kulisikia jina la mji likisemwa kwa sauti ile, huku watu wanatazama uani kwetu.

Aliyeniambia wazi ni mama wa maziwa. Ni wa zile familia za wafugaji waliohamia kutoka upande wa ziwa kubwa kule kaskazini; mumewe na ng'ombe wako bondeni, njia ya Mtowisa, yeye amebaki mjini na ng'ombe wachache wa kukamua. Mwanamke mkubwa, sauti kubwa, anachechemea goti moja. Alinimiminia maziwa kwenye sufuria, halafu hakuondoka.

"Shikamoo mama," nilisema mara ya pili, kwa kukosa la kusema.

"Ulishaniamkia. Bibi yako yuko wapi?"

"Jikoni."

"Macho yake yamekuwa mekundu vile tangu lini?"

"Ni moshi."

"Hata kwetu tulisema ni moshi." Akaweka kifuniko kwenye dumu, akakibana kwa kiganja. "Sikiliza mwanangu. Kulikuwa na mama mmoja jirani yetu kule nilikozaliwa. Macho mekundu, na paka wake hatulii. Yakaanza maneno kama haya ya kwenye mashine. Watu wanacheka, wanasema, wanacheka. Tukaamka asubuhi moja nyumba yake ni majivu, na yeye humo."

Nilishika sufuria kwa mikono miwili.

"Sisemi bibi yako anawanga. Mimi sijui. Nakuambia mapema kwa sababu yule sikumwambia."

Akajitwika dumu lake, akaenda, mguu mmoja ukikokota changarawe.

Jioni ile baba alimwambia bibi, akiwa amesimama mlangoni pa jiko bila kuingia, kwamba ingekuwa vizuri apumzike kidogo Mpui kwa shangazi. Na mbwa atapewa dereva wa lori linaloshuka bondeni, akaachwe huko. Lori linamrudisha mama kutoka Kipili kesho au keshokutwa. Likipakua, wataondoka nalo.

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta.

"Nikiondoka nimekubali," alisema.

"Mama, hakuna anayesema..."

"Wanasema. Mtu akiulizwa kama ni mchawi hana jibu, mwanangu. Akikataa, ndiye. Akinyamaza, ndiye. Na akihama usiulize tena."

Baba aliangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma, na nilimwona mdogo. Nikajua kwamba kabla lori hilo halijafika lazima nijue nini kinampata yule mbwa, au bibi yangu atapanda kwenye mizigo na jina hilo litabaki uani kwetu hata yeye akiwa Mpui.

*

Kuna jambo watoto wote wanalijua. Mbwa huona wasioonekana, ndiyo maana hubweka pasipo na mtu. Ukijipaka tongotongo za mbwa machoni, utaona anachokiona yeye. Utaona anayempanda. Watoto wanalisema wakicheka, sijamjua aliyejaribu.

Alfajiri iliyofuata, jogoo walipoanza kuwika, nikatoka kwa mlango wa duka. Ukungu ulikuwa umeingia hadi barazani. Nguo kwenye waya zilikuwa zimelowa na kuwa nzito, zikanining'inia usoni, sketi, magauni, suruali zenye magoti yaliyotokeza kama bado kuna miguu ndani. Nilipita katikati yake nikikunja mabega nisiguswe. Mbwa alikuwa amelala ukingoni mwa koti lake. Alinisikia, akapiga mkia sakafuni, mara moja, mara ya pili akachoka.

"Nisamehe," nilimwambia. Nikamfuta kona ya jicho kwa kidole, nikajipaka.

Macho yaliwaka. Sikutegemea yale. Yaliwaka kama nimejipaka kitunguu, machozi yakamwagika, na kwenye machozi yale kila kitu kikawa viwili na kikatembea. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Mbwa akainua kichwa, akatazama kona ya nyumba, pale palipokuwa na ukungu mtupu, akaanza kupiga mkia taratibu.

Nami nikaona.

Kilitoka kwenye ukungu kikiwa kifupi na kimeinama, kinafuka moshi kifuani. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko. Kilipanda barazani bila sauti, kikapiga magoti nyuma ya mbwa, kikamwekea mikono ile kwenye nyonga. Kikaanza kusema naye kwa Kifipa, chini chini, kama unavyosema na mtoto unayembembeleza anywe dawa.

Sitadanganya hapa. Kwa muda huo niliamini yote. Kijana wa mashine alikuwa amesema kweli, mama wa maziwa alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimefuta ushahidi kila asubuhi kwa kanga yangu. Nikataka kukimbia, miguu ikagoma, ikakakamaa kama ya mbwa.

"Nani analia hapo?" kile kitu kiliuliza.

"Mimi bibi."

"Umeamka kufanya nini, baridi yote hii? Njoo unishikie kigae."

Nikaenda. Alikuwa na kigae cha chungu kilichojaa majivu ya moto, amekibeba kifuani kwa kitambaa. Alikuwa anachota majivu, anayafikicha kwenye nyonga za mbwa, kwenye magoti, kwenye uti wa mgongo juu ya mkia, na mbwa alikuwa amefumba macho.

"Baba yako kasema hataki majivu kwenye sakafu yake, wateja watakanyaga," alisema. "Basi nakuja kabla ya wateja. Baridi imeingia mifupani huyu. Sakafu nzuri, ndiyo, nzuri kwa viatu. Yeye kalala motoni tangu akiwa kitoto, leo umlaze kwenye jiwe?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani, yule wa mashine?" Akacheka kwa pua. "Na wewe umejipaka nini machoni?"

Nikamwambia. Aliacha kufikicha akanitazama.

"Umeona nini?"

"Nimekuona wewe."

"Haya. Nenda kanawe."

Sikwenda. Nilimuuliza kuhusu kujikuna. Majivu yanatibu kukakamaa, je, kujikuna? Bibi akaonyesha kwa kidevu lile koti, ile sehemu tupu ambayo mbwa hailalii.

"Hilo silijui," alisema. "Majivu hayawashi. Huyu kabla ya koti hakuwa anajikuna. Mwenyewe wa koti anataka mahali pake, mimi ndivyo naona. Tazama anavyomwachia."

Nywele za kisogo zikanisimama. Lakini kulikuwa kunapambazuka, na machoni bado nilikuwa nawaka, na nikafikiri: mzimu wa Ulaya unawashaje macho? Nikamgeuza mbwa ubavu polepole, akiguna. Mgongoni manyoya yalikuwa mazima, yanang'aa kwa majivu. Vidonda vilikuwa chini. Viwiko, tumbo, upande wa ndani wa mapaja, kidevu. Kila alipokutana na koti. Anayelala ukingoni anaacha katikati kwa sababu katikati kunauma zaidi.

Nikavua sweta, nikakunja mikono ya gauni, nikalaza mikono yangu yote miwili katikati ya koti, nikasugua.

"Wewe mtoto!" bibi alisema.

Koti lilitoa vumbi. Si majivu. Unga mweupe laini, na harufu yake niliijua, ila sikujua kwa nini naijua. Harufu ya stoo. Harufu ya magunia. Nilipokuja kuosha vyombo, mikono yangu ilikuwa myekundu kutoka kiganja hadi kiwiko, inawasha mpaka nikaisugua ukutani.

*

Baba alikuwa anapanga sabuni. Nilisimama upande wa pili wa meza ya duka kama mteja.

"Baba. Ile dawa ya viroboto, ulimtilia ipi?"

"Hiyo hapo, niliimwaga kwenye koti lake." Alionyesha kopo kwenye rafu bila kugeuka. Ile ya kuchanganya na mahindi, ya kuulia dumuzi, yule mdudu watu waliyempa jina la Skania kwa sababu alikuja na malori na hazuiliki na kitu. "Inayomuua Skania itashindwaje na kiroboto?"

Nikaweka mikono yangu mezani. Baba aliitazama, akacheka kidogo kwa ile sentensi yake mwenyewe, halafu kicheko kikakatika.

"Umeshika nini?"

"Koti. Baba, kila alipojikuna, uliongeza."

Alitoka barazani. Nilimwona akilichomoa koti lile kwa fimbo, mkono umenyooka, kama anayetoa nyoka. Halafu akamtengea mbwa maji ya moto na mche wa sabuni, akamwogesha yeye mwenyewe, suruali yake ya dukani ikalowa hadi magotini, wateja wanangoja. Koti alilifua mara kadhaa, akalitundika mwisho wa waya. Likawa linadondosha maji pale, mabega yamejaa, bila kichwa.

"Basi mbwa arudi jikoni," baba alimwambia bibi. "Na Mpui... tuyaache ya Mpui."

"Hapana," bibi alisema.

Sikumwelewa. Hata baba.

"Akirudi jikoni atapona. Akiponea kwangu watasema nimemwachia. Mchawi humpumzisha mnyama wake akishasemwa, hujui hilo? Aponee hapa hapa mlipomwonea."

Baba akatazama sakafu yake, ile aliyoisugua kwa mkono mpaka inateleza. Kisha akaenda nyuma, akarudi na kitako cha pipa la maji lililotoboka, akakiweka pembeni mwa mlango. Bibi akajaza majivu ya moto, gunia juu yake. Mbwa alinusa, akaingia, akajikunja. Akajaza pipa lote. Hakumwachia mtu nafasi.

*

Lori lilipofika na mama na migebuka, foleni ya mashine ilikuwa ndefu, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mbwa akashuka kwenye pipa lake, akaenda kumlaki mama hadi barabarani. Polepole, lakini alikwenda, na shingo iligeuka peke yake. Watu wote walimtazama. Nikasubiri mtu afurahi.

"Eeh," alisema kijana wa mashine. "Bibi kamwachia."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Kwenye foleni ile alikuwapo mama wa maziwa na debe la mahindi kichwani, akanitazama, na nilijua anawaza ile nyumba ya kule kwao.

Sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Ilitoka nyembamba, imepanda juu, ya mtoto mdogo.

"Anayempanda anakaa tumboni?"

"Unasemaje dogo?"

"Vidonda viko chini. Mgongo mzima. Njoo uone. Mpandaji gani anakaa tumboni?" Nikakunja mikono ya gauni mbele ya watu wote, jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani kujificha, nikaonyesha wekundu. "Ni dawa ya dumuzi. Na mimi nimepandwa?"

"Na viganja?" kijana aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyekuwa haswa anaogopa. "Viganja nimeviona mimi, kwa macho yangu."

Hapo bibi akatoka uani. Sikuwa nimemwita. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu kwa moshi, mikono yote miwili myeupe. Watu walifungua njia kama maji. Akapanda barazani kwa baba, akampigia mbwa ulimi, mbwa akaja. Akamwekea mikono kwenye nyonga, akaikaza, akaiondoa.

Viganja viwili. Cha kulia kina pengo.

Halafu akauinua ule mkono, akaugeuza ili kila mmoja aone kidole kilichojikunja. Hakukuwa na upepo, jambo la nadra Ufipa, na nguo zote kwenye waya zilikuwa zimetulia isipokuwa lile koti, lililokuwa linajizungusha taratibu mwisho wa waya, nusu huku, nusu kule. Niliona watu wanalitazama koti, wanamtazama bibi, wanashindwa waogope kipi.

"Mimi ndiye," bibi alisema. "Kila alfajiri. Nampasha moto, mzee mwenzangu. Nani mwingine?"

Nikasikia mahindi yakimwagika taratibu kutoka kwenye gunia la mtu, na mwenyewe hayakingi.

Mama wa maziwa akashusha debe lake. Akaja akichechemea, hatua kwa hatua, goti lile likilia kama bawaba. Nilidhani anakuja kupiga. Alipofika barazani akakaa kwenye ukingo wa saruji, akavuta kitenge juu kidogo, akanyoosha mguu mbele ya bibi.

"Hili, mama," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Linaniua kila asubuhi."

Bibi alimtazama usoni muda. Kisha akachovya mikono kwenye pipa la mbwa, akamfikicha goti, kwa nguvu, mwanamke akiuma meno, na alipomaliza akashusha kitenge, akalibana goti kwa juu ili joto likae.

Mama wa maziwa akasimama, akajaribu mguu. Akajitwika debe lake. Kitenge chake kilikuwa cha buluu iliyokolea. Alipita katikati ya foleni, akashika njia ya sokoni mchana kweupe, watu wakimwangalia kutoka milangoni, na kwenye goti lake, kila alipopiga hatua, ulitokea mkono mweupe wa bibi yangu, vidole vinne.